Ifuate Timu Tangu Oktoba: Jibu kwa Kijana Anayekuja Minnesota

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Morogoro aliyepata nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani, aliniuliza jambo ambalo nimeshaulizwa na wengi: "Dada, hiyo hoki ya barafuni mnayoisifia huko inafaa kweli kutumiwa muda wa mwanafunzi, au nisubiri tu mashindano ya mwisho mwezi wa Machi, mambo yanapopamba moto?" Aliongeza kwamba alijaribu kutazama mchezo mmoja kwenye simu na hakuuona hata huo mpira wenyewe. Nimeona nimjibu hapa kwa kirefu, kwa sababu hayuko peke yake, na kwa sababu jambo hili kwangu ni kubwa kuliko anavyolidhania.

Usisubiri Machi, mdogo wangu. Chagua timu moja na uifuate tangu wiki zake za kwanza za Oktoba hadi siku itakapotolewa au kutwaa kombe. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hilo.

Nilifika Minneapolis katikati ya Januari, nikiwa sijawahi kuigusa theluji kwa mkono wangu. Nilifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee na kulala mchana, na kwa kuwa jua la majira yale huzama mapema sana jioni, zilipita siku nyingi bila mimi kuuona mwanga wa maana. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa na tiketi ya ziada ya mchezo wa Ijumaa, akawauliza wote waliokuwamo chumbani isipokuwa mimi. Nilipomwambia kwamba ningependa kwenda, alicheka, akasema, "Watu wa kwenu mnajua nini kuhusu barafu?" Miaka imepita, na maneno yale bado yananichoma. Jumamosi yake nilijinunulia tiketi kwa fedha yangu mwenyewe, nikapanda treni ya Green Line hadi kituo cha Stadium Village, nikatembea hadi uwanja wa Mariucci, ambao uko hapo tangu mwaka 1993 na unachukua watu wapatao 10,000.

Kanuni sikuzijua hata moja. Kilichonishika kwanza ni kipa. Kabla ya mchezo kuanza alisogea mbele ya goli lake, akaanza kuikwangua barafu kwa vyuma vya viatu vyake, upande huu na upande ule, akirudi pale pale bila haraka, mpaka ile sehemu iliyopakwa rangi ya samawati ikafunikwa na unga mweupe. Baadaye nilielewa kwamba anaipa barafu mikwaruzo ili miguu yake isimponyoke anapohitaji kusimama ghafla. Usiku ule nilijua tu kwamba namtazama mtu anayeiheshimu kazi yake, na nikatamani kujua zaidi.

Kiti cha jirani alikuwapo mama mmoja wa makamo ya mama yangu mzazi. Aliniona nikihangaika kuifuata paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, nikiipoteza kila baada ya sekunde chache. Akaniambia nisiitafute paki, niwatazame wachezaji, kwa maana vifua vinapogeukia ndiko iliko. Huo ndio ushauri wangu kwako kuhusu simu yako. Paki ina upana wa sentimita 7.6 tu na uzito wa gramu 170 hivi, hugandishwa kabla ya mchezo ili isidunde, na mkwaju mkali huirusha kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hakuna jicho la mgeni linaloiwahi. Tazama miili ya watu, na mwisho wa mwezi wa kwanza utashangaa kwamba unaiona.

Kanuni utazijua kwa kutazama, sitakuchosha nazo. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, kila upande una wachezaji watano na kipa, na watano hao hubadilishwa mchezo ukiendelea, karibu kila baada ya dakika moja, kwa sababu hakuna mapafu yanayostahimili zaidi. Anayefanya kosa la kawaida huketi nje kwa dakika 2 na wenzake hucheza pungufu. Katika hoki ya vyuo wachezaji hufunika uso wote, na anayepigana ngumi hutolewa nje, na hukosa hata mchezo unaofuata. Nayasema haya kwa sababu wengi wamezoea kuona mapigano ya ligi ya kulipwa, wakadhani huku nako ni hivyo hivyo.

Sasa nieleze kwa nini Oktoba. Timu za vyuo hucheza zaidi Ijumaa na Jumamosi, mara nyingi dhidi ya mpinzani yule yule kwa siku mbili mfululizo, na msimu huenda hivyo hadi Machi. Mashindano ya taifa huchukua timu 16. Mabingwa wa ligi sita huingia moja kwa moja, na nafasi 10 zinazobaki hutolewa kwa hesabu inayolinganisha matokeo ya timu zote tangu mwanzo wa msimu. Katika hesabu hiyo mchezo uliopotezwa wiki ya pili ya Oktoba una uzito ule ule wa mchezo uliopotezwa mwisho wa Februari, na ushindi wa ugenini hupewa uzito zaidi ya ule wa nyumbani. Nimeshuhudia watu wakilia mwezi wa Machi kwamba timu yao imeonewa, ilhali usiku ule wa Novemba ilipopoteza uongozi wa mabao mawili hawakuwapo. Mtu wa namna hiyo hajui hata analia nini.

Ndugu zangu mliokulia katika nyumba za Yanga au za Simba mnalielewa jambo hili bila kufundishwa. Hakuna anayemheshimu shabiki anayevaa jezi siku ya kukabidhiwa kombe tu.

Msimu wa 2022–23 ndio ulionifundisha zaidi, na naomba mniwie radhi nikiusimulia kwa urefu. Timu ya Minnesota, ambayo huitwa Gophers, ilikuwa na ubingwa wa taifa mara tano, wa mwisho mwaka 2003, kwa hiyo tulikuwa tumesubiri miaka 20. Walikuwapo vijana wa mwaka wa kwanza kama Logan Cooley na Jimmy Snuggerud, alikuwapo Matthew Knies, alikuwapo beki Brock Faber, nahodha, ambaye kwa macho yangu alikuwa mtulivu kuliko wote waliokuwa juu ya barafu. Walitwaa ligi ya Big Ten, mojawapo ya zile ligi sita. Katika mashindano ya taifa, huko Fargo, waliifunga Canisius 9–2 na St. Cloud State 4–1, kisha katika nusu fainali huko Tampa wakaifunga Boston University 6–2.

Fainali ilikuwa tarehe 8 Aprili 2023 dhidi ya Quinnipiac, chuo cha Connecticut ambacho hakikuwa kimewahi kutwaa ubingwa. Tuliitazama sebuleni kwa yule mama wa kiti cha jirani, pamoja na vijana kadhaa walioanza kuipenda timu mwezi ule. Tuliongoza 2–0. Wakarudisha moja. Zikiwa zimebaki dakika zisizotimia tatu, walimtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji, na Collin Graf akasawazisha. Muda wa nyongeza ulipoanza nilikuwa nimeinama kuokota kikombe kilichoniponyoka. Paki ilirudishwa nyuma, ikapigwa mbele, Jacob Quillen akajikuta uso kwa uso na kipa wetu Justen Close, akafunga. Sekunde 10 tu zilikuwa zimepita. Nilipoinua macho, wachezaji wa Quinnipiac walikuwa wameshaanza kurukiana.

Wale vijana walisikitika kidogo, wakaagiza chakula, na kesho yake walikuwa na mambo mengine. Mimi na yule mama hatukuweza kulizungumzia hadi majira ya joto. Hata leo nikiandika nahisi koo likikaza. Lakini naomba unielewe vizuri: sikubali kubadilishana nao. Nilikuwa nimewaona wachezaji wale tangu Oktoba, nilijua nani alikuwa akiumwa na nani alikuwa amejirudi baada ya mwezi mbaya, na huzuni yangu ilikuwa yangu kwa haki. Ninyi vijana mnaotaka kuonja vilele tu mnajinyima. Furaha kubwa haimjii mtu ambaye hakukubali kwanza kukaa katika usiku wa kawaida, dhidi ya timu ya kawaida, uwanja ukiwa nusu tupu.

Jambo jingine utakalopaswa kulizoea ni kuagana. Ligi ya kulipwa haisubiri mtu amalize shahada. Siku chache baada ya ile fainali, Knies alikwisha kusaini na Toronto na Faber na Minnesota Wild, na kabla ya msimu mpya Cooley naye alikwenda Arizona. Kabla yao alikuwapo Kyle Okposo, mzaliwa wa Saint Paul ambaye baba yake anatoka Nigeria, aliyeondoka Desemba 2007 katikati ya msimu wake wa pili kwenda New York Islanders. Wapo wenyeji ambao mpaka leo hawajamsamehe. Mimi namwombea heri tu, na alipotwaa Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi ya kulipwa, na Florida mwaka 2024, nilipiga vigelegele nikiwa peke yangu jikoni. Wapende wachezaji, lakini ifuate timu, maana jina lililo mgongoni hubadilika kila mwaka.

Utaambiwa pia, kwa maneno au kwa macho, kwamba mchezo huu si wa kwenu. Siku hiyo wakumbushe fainali ya mwaka 2002, iliyochezwa Saint Paul dhidi ya Maine. Kikosi kizima cha Minnesota kilikuwa cha wazawa wa jimbo hili isipokuwa mtu mmoja, Grant Potulny, kutoka North Dakota. Mchezo ulikwenda muda wa nyongeza, na aliyefunga bao la 4–3 lililoleta ubingwa ni huyo huyo mgeni. Wakumbushe pia kwamba Nairobi wapo vijana wa Ice Lions wanaocheza hoki ya barafuni, na kwamba mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Sasa ni mimi ninayewaeleza wenyeji wapya kazini jinsi hesabu ya timu 16 inavyokwenda, na yule mwenzangu wa zamani, kama bado yupo mjini, anakaribishwa kuja kusikiliza.

Kwa upande wa fedha, usiogope. Anza na timu ya wanawake, ambayo huchezea ukumbi wa Ridder ulioungana na Mariucci, ukumbi wa kwanza nchini Marekani kujengwa kwa ajili ya hoki ya wanawake wa chuo. Tiketi za huko kwa kawaida ni nafuu zaidi, unakaa karibu na barafu, na unaona vizuri jinsi pasi zinavyopangwa kwa sababu kukumbana kwa miili kumewekewa mipaka zaidi. Wala usidhani ni daraja la chini: timu hiyo ilimaliza msimu wa 2012–13 kwa kushinda michezo 41 bila kupoteza hata mmoja.

Ukifika Agosti, ulizia mapema utaratibu wa tiketi za wanafunzi, kwa kuwa michezo dhidi ya Wisconsin na North Dakota hujaa haraka. Nenda na koti hata kama nje hakujaanza kuganda, maana ukumbini baridi hupanda kutoka chini hadi magotini. Kaa juu kidogo, karibu na kona, mahali ambapo unauona uwanja wote. Ijumaa mchezo huanza saa moja usiku au karibu na hapo. Fanya kazi zako za darasa Alhamisi, na usiondoke kabla ya kipindi cha tatu kwisha, hata kama tumefungwa manne.