Barua kwa mwanangu: kutoka wodini hadi bohari

Mwanangu mpenzi,

Huku sote wazima. Umeniuliza miaka yako sita ya uuguzi itakufaa nini kwenye bohari ya dawa ulikohamishiwa. Swali hilo nimelala nalo siku mbili, maana najua ulivyowapenda wagonjwa wako. Nitakujibu kwa cherehani, ndiyo ninayoijua.

Suti walizovaa wale watu wa Apollo 11 kwenda mwezini mwaka 1969 zilishonwa Dover, Marekani, na kampuni iliyojulikana kwa sidiria za Playtex. Suti ikijazwa hewa hukakamaa kama tairi, na mvaaji lazima akunje goti na kiwiko. Nani alijua kushona mpira na kitambaa vifuate mwili, kama si wao? Hata hivyo, wale mama washonaji wa kampuni hiyo walijifunza upya. Pini, rafiki wa kila fundi, ilikuwa hatari kwao: moja tu ikisahaulika ndani ingetoboa tabaka linaloshika hewa.

Mimi nililipata somo hilo kwa hasara. Ulikuwa darasa la tatu nilipopokea turubai la lori. Nikaunga vipande kama ninavyounga gauni, mshono mmoja, nikaupiga pasi vizuri. Mvua ya kwanza ikapita kwenye matundu ya sindano, magunia ya mchele yakalowa, nikalipa. Mkono ulikuwa uleule na kipimo hakikukosea. Kilichoniponza ni kudhani maji nayo yanatazama uzuri wa mshono. La pili nilikunja kingo zikashikana, nikashona mara mbili.

Uliniambia kwenye simu kwamba siku ya pili tu ulikuta dawa mbili zenye majina yanayokaribiana kwenye rafu moja, ukazitenganisha bila kuagizwa. Huyo ni muuguzi anayesoma kichupa mara tatu kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Hajabaki wodini, umekuja naye.

Ninaloliogopa ni jingine. Wodini mgonjwa akizidiwa unamsikia. Zahanati iliyoishiwa dawa huko kijijini hailii, utaijua kwa karatasi tu. Hapo ndipo turubai lako lilipo. Mwombe yule mzee wa bohari akufundishe kuyasoma maombi ya dawa ya miezi iliyopita, ukae naye hata jioni mbili.

Kitenge chako kimekwisha, nitakituma Ijumaa.

Mama yako