Uliza Ujibiwe: Zahanati ipo, ila kitongoji cha juu bado kinaumia

*Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA huku Makete. Kijiji chetu kina zahanati, nesi yupo na tabibu yupo, ila kuna kitongoji cha juu kabisa, kupanda ni kama saa mbili na mvua ikinyesha njia ni utelezi mtupu. Huko akina mama wanajifungulia nyumbani, watoto ni wafupi kuliko umri wao, na nyumba nyingi wajukuu wanalelewa na bibi. Kuna shirika lilikuja likafanya semina likagawa fulana, mradi ukaisha wakaondoka. Sasa sisi kikundi, mchungaji na vijana wa bodaboda tunataka tuungane tufanye kitu, tunaanzia wapi? Wengine wanasema tusajili asasi kwanza tutafute mfadhili.*
Katibu, Makete

Marahaba mwanangu, na hongereni sana kwa hilo wazo. Usajili wekeni pembeni kwanza. Mkianza na katiba na muhuri mtamaliza mwaka mnagombania nani awe mwenyekiti na nani ashike kitabu cha benki, na huko juu mama mwingine anajifungulia sakafuni.

Anzeni na daftari. Mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mtu mmoja wa kikundi chenu wapande wapite nyumba kwa nyumba, waandike wajawazito wangapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi, nani hana kadi ya kliniki, nani chanjo zimeishia njiani, nani analelewa na bibi. Mambo ya VVU msiandike kabisa kwenye hilo daftari, hiyo ni siri ya mtu na kituo chake. Na kwenye mkutano zisomwe namba tu, majina yabaki kwa mhudumu.

Nasema daftari kwa sababu hiki kitu kimewahi kufanyika hapohapo kwenu. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa Mkoa wa Iringa, na kipindi hicho Makete na Njombe yote mlikuwa Iringa, mkoa wenu umekuja kuzaliwa 2012. Ulianza na vijiji 168. Hela ilitoka Italia kupitia UNICEF na WHO, hilo sikufichi, lakini kazi yenyewe ilifanywa na kijiji: watoto wanapimwa uzito, matokeo yanapelekwa kwenye kamati ya kijiji, watu wanakaa wanaulizana kwanini hawa wameshuka, wanaamua cha kufanya kwa uwezo walionao, wakipima tena wanaona kama uamuzi wao ulisaidia au walipoteza muda, wanaanza tena. Watoto wenye uzito pungufu sana walishuka kutoka kama asilimia 6 hadi chini ya 2 kabla hata miaka ya themanini haijaisha. UNICEF wakaichukua hiyo namna ya kufikiri wakaitembeza dunia nzima. Waulizeni wazee hapo kijijini, wapo watakaokumbuka ule mzani.

Leo utafiti wa kitaifa wa 2022 unasema udumavu, yaani watoto chini ya miaka mitano kuwa wafupi kuliko umri wao, nchi nzima ni asilimia 30, Iringa 56.9, Njombe 50.4. Mikoa inayolisha nchi! Na hapa ndio naomba msikimbilie kusema akina mama hawajui lishe, maana semina ya lishe mlishafanyiwa na fulana mnazo. Mama anatoka saa kumi na mbili kwenda shamba la viazi, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba, uji wa sembe nyeupe uliopikwa asubuhi ndio huohuo wa mchana umeshapoa na kuganda, maziwa yameenda kwenye kituo cha kukusanyia na mayai yameuzwa ili daftari la shule lipatikane. Hapo nesi atatibu nini? Hapo panataka akina mama wawili watatu washike zamu ya kuwalisha watoto wa wenzao msimu wa shamba, panataka baba akubali kikombe kimoja cha maziwa kibaki nyumbani, na panataka mchungaji aliseme hilo madhabahuni akina baba wakiwa wamekaa wanasikiliza.

Mkishapata namba zenu zipelekeni kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati. Hiyo kamati ipo kwa utaratibu wa serikali na ina wajumbe wananchi, shida sehemu nyingi watu hawajui hata wajumbe wao ni akina nani. Siku hizi hela za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwahiyo kamati ina sauti kweli, sio ya kusaini mahudhurio tu. Halafu ombeni ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, huo kisheria unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu, namba zisomwe pale wote wasikie.

Mkifika hapo ndio mgawane kazi. Nesi apande mara moja kwa mwezi kwa huduma ya mkoba, na chanjo zake na mzani. Bodaboda wampandishe na kumshusha, mafuta yatoke kwenye mfuko wenu wa jamii wa VICOBA, kijiji kitafute chumba chenye bati zima na meza. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ikifika ifanyikie huko juu, sio kila siku watu wa juu ndio washuke. Na muulizeni mtendaji kuhusu ule mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, lengo ni kupata wahudumu 137,294 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Nafasi za kitongoji chenu zikija wachukuliwe watu wanaolala hukohuko juu, msikubali apangiwe kijana anayekaa huku chini barabarani atakayepanda siku za ukaguzi tu.

Kitu kimoja nakusisitizia mwanangu. Kwenye kikao chenu cha kwanza angalia nani hayupo. Kama hakuna hata bibi mmoja wa kitongoji cha juu anayelea wajukuu, ahirisheni mkamfuate. Nyinyi wa chini mkimpangia bila yeye mtampangia kliniki siku ya mnada.

*Shikamoo mama. Mimi ni dereva boda, vijiji vya nyuma ya Mbalizi. Usiku naamshwa nimpeleke mjamzito, roho haikubali kukataa ila mafuta silipwi. Hakuna utaratibu?*
Dereva, Mbeya

Marahaba baba, Mungu akulipe. Shika hii namba 115, ni bure mtandao wowote, ndio m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa akina mama na vichanga. Ni kwa mjamzito mwenye dharura, aliyejifungua ndani ya siku 42 na kichanga cha siku 28 kushuka chini. Wanaopokea simu wanapanga ambulensi, isipokuwepo karibu wanampigia dereva wa jamii mwenye gari aliyesajiliwa na analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Kwahiyo wewe kazi yako ni kipande ambacho gari halifiki, na hicho kipande kijiji kikubaliane bei mapema mchana watu wakiwa na akili zao, hela ikae kwa mhasibu wa kijiji au kikundi, sio kubembelezana saa nane usiku. Ila mama anayetokwa damu nyingi au aliyeshikwa na kifafa cha mimba, piga 115 kabla hujawasha pikipiki, huyo boda sio chombo chake kama kuna njia nyingine yoyote.

*Mama habari za kazi. Mimi ni nyapara shamba la mbao Mufindi, vibarua wangu wengi ni vijana wa kiume, kupima VVU hawaendi, wakitoka porini kituo kimeshafungwa. Nifanyeje?*
Nyapara, Mufindi

Nzuri baba. Umeuliza jambo kubwa, maana kwenye utafiti wa 2022/23 watu wazima wenye VVU Iringa walikuwa asilimia 11.1, Njombe 12.7 na Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Nenda kaongee na mganga mfawidhi wa kituo cha karibu muwaletee huduma kambini jumamosi mchana kabla ya malipo, hela ikishashikwa mkononi hutawapata, watakuwa kwenye pombe ya ulanzi. Omba waje na vipimo vya kujipima mwenyewe pia, sheria imeruhusu tangu 2019, kijana anajipima faragha na kipimo kikionyesha dalili ya maambukizi anaenda kituoni kuthibitisha. Wewe na tajiri mkae mbali na hema la kupimia na msiulize majibu ya mtu. Na walio kwenye dawa za VVU wakishakuwa vizuri wanaweza kupewa za miezi mitatu mpaka sita kwa mkupuo, kwahiyo kijana akikuomba ruhusa ya siku moja ya kliniki mpe na usimkate posho ya siku hiyo.