Saa ya Kuondoka Kwenye Poka Ipange Mchana

Usiku mmoja nilisikia adhana ya alfajiri nikiwa bado sebuleni, simu iko kwenye chaji na imepata moto mkononi. Nilikuwa nimeingia kwenye meza ya poka saa tatu usiku, nia yangu nicheze saa moja tu nikalale. Asubuhi ile nilipofika ofisini (nafanya kazi kwa wakala wa forodha, Dar es Salaam) nikakosea namba ya kontena, nikaandika 6 mahali pa 8. Mzigo wa mteja ukalala bandarini siku mbili za ziada, na gharama za kuuhifadhi zikatoka mfukoni mwangu.

Usiku ule mezani nilikuwa nimeshinda. Ningekuwa nimeliwa, ningezilaumu karata na mambo yangeishia hapo. Kwa kuwa nilishinda na bado siku yangu ikaharibika, ikabidi niutazame muda wenyewe.

Vijana wanaojifunza Texas Hold'em, aina ya poka ambayo kila mchezaji huanza na karata mbili za siri, huniuliza wacheze saa ngapi kwa siku. Kwa mtu mwenye kazi na familia, mimi nasema saa moja na nusu, siku nne kwa wiki, na siku zilizobaki asiguse kabisa. Kipimo hicho nilikitoa kwenye daftari. Kwa miezi miwili niliandika saa niliyoanza, saa niliyomaliza, na hela niliyokuwa nayo kila saa moja ilipotimia. Saa ya kwanza nilikuwa natupa karata mbovu bila kinyongo. Ikifika saa ya tatu, ghulamu na saba nilikuwa naziona kama lulu, naweka hela juu yake. Hasara zangu karibu zote zilikuwa kwenye kurasa za usiku mrefu. Wewe daftari lako linaweza kukupa saa moja, au mbili. Liandike kwanza, kisha uliamini.

Kinachowakalisha watu mezani kupita kiasi, kwa ninavyoona, ni kusubiri. "Nikipata mkono mmoja mzuri naondoka." Hebu tupige hesabu. Jozi ya ree (karata mbili za A, mkono bora kuliko yote wa kuanzia) huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Meza moja ya mtandaoni hugawa kama mikono 70 kwa saa, kwa hiyo jozi hiyo unaisubiri zaidi ya saa tatu kwa wastani. Kwenye meza ya kasino, ambako mgawaji hugawa kwa mkono na migao haifiki nusu ya hiyo, ni usiku mzima. Na kuikosa kwa saa tatu hakukusogezi karibu nayo hata kidogo, maana mgao unaofuata una nafasi ileile, moja kwa 221. Hata ikija, jozi ya wafalme huipiga karibu mara moja katika tano. Anayesema "nikirudisha hela yangu naondoka" ana hali mbaya zaidi, kwa sababu yeye ameshawakabidhi wapinzani wake uamuzi wa saa yake ya kulala.

Ndiyo maana nasema saa ya kuondoka ipangwe mchana, kabla hujaona karata yoyote. Kengele nimeitega kwenye simu ya mke wangu. Ya kwangu nilikuwa naizima kwa kidole bila hata kuisoma. Inalia dakika kumi kabla ya muda, ili nimalizie mzunguko hadi dau la lazima, lile linalowekwa kwa zamu kabla ya kuona karata, linifikie, kisha nifunge. Dakika 20 za kupitia mikono niliyocheza vibaya nazo zimo ndani ya saa moja na nusu. Watu wengi hawazihesabu, halafu wanashangaa usiku umekwenda wapi.

Mashindano ni habari nyingine, kwa sababu huwezi kunyanyuka katikati ukaondoka na chipsi zako (vile vibao vya kuchezea badala ya hela). Mengi makubwa ya mtandaoni hupangwa kwa jioni ya Ulaya na Marekani. Likianza saa nne usiku kwetu, ukicheza vizuri unamaliza alfajiri. Mimi nimejiruhusu moja kwa mwezi, Jumamosi. Najua mtu ataniambia habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyeanza na tiketi ya dola 86 mtandaoni, akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 2003 na dola milioni 2.5. Ni kweli kabisa. Lakini walioingia walikuwa 839, na wale 838 wengine nao walikuwa na nyumba na kazi za kurudia.

Sasa niseme na yule ambaye swali lake si saa ngapi. Kama umevunja muda wako mara tatu ndani ya mwezi mmoja, futa programu kwenye simu, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba umeifuta na kwa nini. Kama umeshakopa ili ucheze, au unaficha simu mwenzako akiingia chumbani, usipunguze saa, acha kabisa, na utafute mtu wa kukusikiliza wiki hii hii. Mimi nilimwambia mke wangu habari za lile kontena baada ya siku nne. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Aliacha, akakaa chini, akaniomba alione daftari.