Usonji kwa watoto: maswali yenu na majibu

Swali: Mwanangu wa kiume ana miezi 20. Hasemi neno, na nikimwita hageuki, ingawa simu ikilia chumba cha pili hukimbilia huko. Mama mkwe anasema wavulana huchelewa kusema. Je, nisubiri?

Jibu: Usisubiri, mama. Ni kweli wapo watoto wanaochelewa kusema kisha wakawafikia wenzao, lakini katika maelezo yako kinachonishughulisha zaidi ni kutokuitika jina. Sasa kitazame kidole chake. Mtoto wa miezi 18 amwonapo ndege humwonyesha kwa kidole, kisha hugeuka kukutazama usoni ahakikishe kwamba nawe umemwona. Hayo ni mazungumzo kamili ambayo bado hayajapata maneno. Mtoto mwenye usonji (kwa Kiingereza "autism"), yaani ambaye ubongo wake umekua kwa namna tofauti inayogusa mawasiliano na uhusiano wake na watu, mara nyingi hafanyi hivyo, na akitaka kitu huushika mkono wako na kuupeleka kwenye kitu chenyewe bila kukutazama. Dalili moja peke yake haitoshi kusema lolote, lakini zikikusanyika zinastahili kuchunguzwa.

Anza kwa kupimwa masikio, hata kama unaamini anasikia, kwa kuwa mtoto anaweza kusikia sauti fulani na kukosa nyingine. Kisha omba tathmini ya makuzi. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Mtaalamu humwangalia mtoto akicheza na kukusikiliza wewe, na akiwa na uzoefu anaweza kuutambua kwa uhakika mtoto anapofika miaka 2 hivi.

Wakati unangoja miadi, msaada uanze nyumbani leo, kwa maana katika miaka hii ya mwanzo ubongo hujifunza kwa wepesi mkubwa, na hata ikibainika kwamba hana usonji hutakuwa umepoteza kitu. Keti sakafuni mtazamane. Akizungusha gurudumu la kigari chake, usimnyang'anye. Zungusha nawe la pili, sema neno moja, "zunguka", halafu nyamaza kidogo ukimpa nafasi ya kukutazama. Rudia kila siku kwa dakika chache. Nawasihi wazazi wasiudharau mchezo huu, kwani mbinu nyingi za wataalamu zimejengwa juu ya msingi huohuo.

Swali: Mawifi zangu wananilaumu, eti nilirudi kazini mapema na nikampeleka mtoto kuchanjwa. Nimemletea usonji mimi?

Jibu: Hapana, na pole sana kwa lawama hizo. Usonji hutokana na namna ubongo unavyokua, kuanzia kabla ya kuzaliwa, na urithi una nafasi kubwa. Dhana ya kwamba husababishwa na mama asiye na upendo ilienea katikati ya karne iliyopita, ikawaumiza wengi, kisha ikatupwa kwa kukosa ushahidi. Hofu ya chanjo nayo ilipata nguvu mwaka 1998, daktari wa Uingereza Andrew Wakefield na wenzake walipochapisha katika jarida la kitabibu la Lancet makala kuhusu watoto 12 tu, iliyodokeza kwamba huenda chanjo ya surua inahusiana na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji. Kinachowachanganya watu ni kwamba chanjo hiyo hutolewa karibu na umri uleule ambao dalili huanza kuonekana.

Swali: Tukimzoesha mtoto kuomba kwa picha, hatazembea kusema?

Jibu: La. Picha na ishara hazizuii usemi, na kwa baadhi ya watoto huusaidia. Mtoto aliyekuwa akipiga kichwa ukutani kwa kiu, akipata njia ya kuonyesha kikombe, hana tena sababu ya kujiumiza ili aeleweke.

Swali: Binti yangu ana miaka 8, anasema vizuri na anafaulu, lakini akirudi kutoka shuleni hulia saa nzima. Mwalimu anasema ni mpole tu.

Jibu: Mwombee tathmini. Wasichana wengi wenye usonji huchelewa kutambuliwa kwa sababu huwaiga wenzao kutwa nzima, na juhudi hiyo huwachosha mno. Arudipo, mpe saa moja ya utulivu kabla ya kumuuliza lolote.

Swali: Kuna dawa ya kuuponya?

Jibu: Hakuna. Zipo dawa za matatizo yanayoandamana nao, kama kifafa, na hizo huandikwa na daktari. Anayekuuzia tiba ya "kusafisha sumu" mwilini mwa mtoto mkatae, kwa kuwa tiba za namna hiyo zinaweza kumdhuru.