Kisu cha podiatristi kiishie wapi?

SWALI: Baba yangu ana kisukari na anatibiwa Marekani. Podiatristi wake, yaani mtaalamu wa tiba ya nyayo, alimkata vidole viwili, lakini kidonda kinarudi kila mara. Anasema kurefusha kano ya kisigino kungesaidia, ila sheria ya jimbo lao haimruhusu, hivyo baba asubiri daktari wa mifupa. Sasa kuna mswada wa kuwaongezea mapodiatristi operesheni wanazoruhusiwa kufanya. Tuuunge mkono?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa operesheni hiyo, ndiyo, mradi mswada umeandikwa vizuri.

Kano ya kisigino ikikaza, kisigino hunyanyuka kabla ya wakati wake mtu anapotembea, na uzito huhamia mbele, chini ya mifupa inayobeba vidole. Kisukari kikishaua hisia, ngozi hutoboka bila mgonjwa kusikia lolote. Tatizo huzidi kwa aliyekatwa sehemu yote ya mbele, kwa sababu misuli inayoinua wayo hudhoofika na misuli ya shavu la mguu huuvuta chini bila upinzani. Ukitibu kidonda ukaiacha kano, kidonda kitafunguka tena.

Kuirefusha, mpasuaji hutoboa ngozi mara tatu nyuma ya mguu, hukata nusu ya upana wa kano kila mara kwa kubadilisha upande, kisha husukuma wayo juu taratibu mpaka kano iteleze na kurefuka. Operesheni yenyewe ni fupi, lakini baadaye mguu hufungwa plasta au kiatu maalumu kwa wiki kadhaa. Hatari kubwa ni kurefusha kupita kiasi: uzito wote hurudi kisiginoni, na kidonda cha hapo ni kigumu mno kupona.

Kano hiyo hukatwa juu ya kifundo cha mguu, ingawa faida yake iko chini. Sheria inayotaja wayo peke yake humfunga mikono mtu aliyefundishwa kazi hiyo. California iliandika vizuri zaidi: wayo, kifundo, na kano zinazoishia kwenye wayo. Kukata sehemu ya wayo kunaruhusiwa huko, mwisho ukiwa kiungo cha Chopart, kile kinachotenganisha mfupa wa kisigino na talasi (mfupa ulio juu yake, chini ya kifundo) na mifupa iliyo mbele yao.

Angalieni pia nani anaandika mpaka huo. Mwaka 2001 bodi inayosimamia mapodiatristi katika jimbo la Texas ilitoa kanuni iliyohesabu kifundo kuwa sehemu ya wayo. Vyama vya madaktari vilikwenda mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa mjini Austin ikaifuta, kwa kuwa bodi ilikuwa imevuka mamlaka iliyopewa na sheria. Ndiyo maana mswada wa bunge ni njia imara kuliko kanuni ya bodi.

New York ilipitisha sheria mwaka 2012, ikaanza kutumika 2014. Ina idhini za ngazi mbili za upasuaji wa kifundo, kulingana na mafunzo, na inakataza mambo mawili waziwazi: kubadilisha kiungo cha kifundo, na kutibu mvunjiko wa piloni. Katazo hili la pili lina mantiki. Piloni ni ncha ya chini ya mfupa wa muundi. Mtu akianguka kutoka juu, hupasuka vipande vipande na ngozi huvimba hadi kutoa malengelenge. Akipasuliwa mapema, jeraha linaweza kukataa kufunga, vijidudu vikaingia mfupani, na mguu ukapotea. Mara nyingi hufungwa kwanza vyuma vya nje, uvimbe ukasubiriwa kushuka. Pingamizi la madaktari wa mifupa hapa si wivu wa kazi tu.

Kwa hiyo someni mswada mkitafuta vitu vitatu: viungo na kano zimetajwa kwa majina, idhini imefungwa kwenye mafunzo ya upasuaji ya miaka mitatu baada ya chuo, na yaliyokatazwa yameandikwa. Mswada unaosema tu “upasuaji wa mguu” utaishia mahakamani.

SWALI: Sheria ikipita, podiatristi yeyote ataanza kupasua vifundo kesho yake?

JIBU: La. Leseni ni mlango wa kwanza. Hospitali nayo hutoa idhini yake kwa kila aina ya operesheni, ikipitia kumbukumbu za kesi. Muulizeni kama ana cheti cha bodi ya upasuaji wa wayo na kifundo, na ni kipi: cha upasuaji wa wayo ni tofauti na cha ujenzi upya wa kisigino na kifundo. Kisha ulizeni amefanya ngapi za aina ile ile mwaka uliopita, na nani atasimamia sukari na moyo wa mgonjwa akilazwa. Kwa mwenye kisukari, pimeni mtiririko wa damu mguuni kabla ya kisu. Damu isipofika, hata mkato mdogo kabisa hautafunga.