Jibu: Je, Angela Lansbury alikuwa wa televisheni tu?

Hapana ndugu yangu. Umeuliza kama umaarufu wa mwigizaji huyu ulitokana na tamthilia ya televisheni "Murder, She Wrote" pekee. Tamthilia hiyo ilianza mwaka 1984, naye alikuwa anakaribia miaka 59. Kufikia hapo alishatwaa tuzo nne za Tony, yaani tuzo za michezo ya jukwaani ya Broadway, eneo la kumbi za maigizo jijini New York; ya kwanza mwaka 1966 kwa mchezo wa nyimbo "Mame". Kuigiza na kuimba mbele ya watu kila usiku, bila nafasi ya kurekodi upya, naamini ndiko kulikompa ule utulivu unaouona kwenye runinga. Na tamthilia ilidumu misimu 12! Kinachoniuma hadi leo ni Emmy, tuzo za televisheni za Marekani: aliteuliwa mara 18, hakupewa hata moja. Mwaka 2009, akiwa na miaka 83, akachukua Tony ya tano.