Mbona hadithi yangu haisomwi? Nimjibu mdogo wangu wa Muheza

Juzi nimepata meseji inboksi kutoka kwa binti mmoja yuko Muheza, jina lake nalihifadhi, anasema dada mi naandika fanfiki (zile hadithi za mashabiki, unachukua wahusika wa tamthilia au kitabu cha mtu unawaandikia mambo mapya) mwaka wa pili huu, nimeposti Wattpad, nimeposti AO3 (mitandao ya kuweka hadithi), linki nimezisambaza kila grupu mpaka maadmini wameshaniondoa kwenye mengine, komenti sina na kudosi, ile ya kubonyeza kusifia hadithi, ni za kuokoteza, je niendelee au niache nitafute kazi nyingine ya kufanya na bando langu? Nikamuuliza kitu kimoja tu, wewe umekomenti hadithi za nani? Kimya. Usiku ndo akajibu, "sijawahi dada."

Nimeona nisimjibu yeye peke yake maana najua mpo wengi mnaosoma hapa na mnataka hicho hicho, kuandika, kusomwa, kupata watu wanaosubiri chapta yako kama tunavyosubiri tamthilia saa tatu usiku. Basi sikilizeni.

Sie watu wa Tanga tuna sifa yetu ya waja leo waondoka leo, na kwenye fanfiki wapo wengi wa namna hiyo, anaingia leo, anamwaga linki, hasomi cha mtu, kesho hayupo, keshokutwa analalamika watu wana roho mbaya. Hawana roho mbaya. Hawakujui. Mtu ambaye haendi harusi za wenzie, hachangi, hapiki, hasukumi hata sufuria, siku ya kwake akikuta viti vitupu amlaumu nani?

Mimi nina steshenari yangu ndogo Ngamiani, kuchapa, kutoa kopi, kuleminati vyeti, na mchana jua likiwaka wateja hakuna, ndo muda wangu wa kusoma. Nilianza kama msomaji tu. Kulikuwa na tamthilia ya Kikorea iliyotafsiriwa Kiswahili, ya kale, ya mambo ya ikulu, ina mwanamke tabibu, na ilipoisha niliumwa kabisa maana walimaliza vibaya, nikaanza kutafuta mtandaoni kama kuna mtu ameumia kama mimi, nikakuta kuna dunia nzima imeumia na imeshaandika miisho mingine zaidi ya ile! Wabrazili, Wafilipino, Waindonesia, kila mtu na mwisho wake. Nililia na kucheka kwenye kiti cha steshenari.

Kwa wasioijua AO3, kirefu chake ni Archive of Our Own, inaendeshwa na shirika lisilo la faida linaloitwa Organization for Transformative Works, lilianzishwa na mashabiki wenyewe 2007, kipindi ambacho kulikuwa na kampuni imeona hadithi za mashabiki ni biashara inayotaka kuvunwa. Mashabiki wakasema hapana, tujenge nyumba yetu. Ikafunguliwa kwa watu Novemba 2009, haina matangazo, inaendeshwa kwa michango na watu wanaojitolea, na 2019 ikapewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi na za kubuni, kule Dublin. Kusoma huhitaji akaunti. Kuposti unahitaji, na unaomba mwaliko kwa imeili halafu unasubiri foleni, sasa watu wakisubiri kidogo wanakata tamaa, jamani subirini. Na haina app rasmi, ukiona app yenye jina lake ujue ni ya watu wengine, tumia brauza ya kawaida. Uzuri kurasa zake ni maandishi matupu hazili bando, na kila hadithi ina kitufe cha kupakua, EPUB au PDF, unapakua ukiwa na wifi unasoma kwenye daladala ya Raskazone bila intaneti.

Basi mimi nilisoma. Na nikawa nakomenti. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, sikuona haya, niliandika hivyo hivyo. Sikuandika "nice" au "update please", hapana, nilichukua ule mstari ulionichoma nikaunakili halafu nikasema umenichoma kwa nini. Kwa mfano mwandishi kamwandika tabibu anafua bandeji za askari wa adui usiku ili asionekane, mi nikamwambia bibi yangu alikuwa mkunga na alikuwa anafua vitambaa usiku vile vile, hakutaka watu wajue nani kajifungua vibaya. Mwandishi akanijibu kurasa nzima! Tukawa marafiki. Yeye yuko Ufilipino, kwetu ikiwa saa nne usiku kwao ni saa tisa, na yule dada ndiye akaja kuwa beta wangu, yaani msomaji wa kwanza anayepitia kazi kabla haijatoka. Alinifundisha vitu ambavyo shuleni sikufundishwa. Aliwahi kuniambia chapta yako ya pili yote ifute, hadithi inaanza ya tatu. Nilinuna. Nikafuta, ikawa kweli inaanza ya tatu.

Kwa hiyo nilipokuja kuposti ya kwangu jina langu lilikuwa linajulikana. Hapo ndo pa kushika mdogo wangu. Chapta ya kwanza ilipata komenti usiku ule ule, na waliokomenti karibu wote ni watu niliokuwa nimewasoma kwa muda mrefu.

Na niseme hili kwa fahari kabisa maana nimelitolea jasho. Hadithi yangu niliileta nyumbani. Tabibu wangu anakimbia ikulu, anapanda jahazi moja baada ya jingine mpaka anashuka Pangani 1888, mwezi wa nane, Wajerumani wa ile kampuni ya Afrika Mashariki wanapandisha bendera yao na watu wa Pangani wanakataa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani ule, yumo. Nilisoma utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vile, nilienda Pangani nikavuka kivuko mpaka Bweni nione mto unavyoonekana kutoka ng'ambo, nikakaa na wazee nikauliza dawa gani zilitumika kwa jeraha la risasi. Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889 na nilijua tangu mwanzo kwamba tabibu wangu atashindwa kumwokoa. Wasomaji walikuwa hawajui! Mtu wa Brazili ananiuliza hii Pangani ipo kweli? Ipo, nikampigia picha ya mto. Nimeimaliza hadithi mwezi uliopita na komenti niliyopata kwenye chapta ya mwisho sitaiweka hapa ni yangu, ila nilifunga duka mapema siku ile.

Sasa wengi mnaandika wahusika wenu wanakula burger New York ambako hamjafika, na New York ina waandishi wake. Sisi tuna mapango ya Amboni, tuna mashamba ya mkonge, tuna reli ya Usambara, Bagamoyo wana misafara yao. Mpe mhusika unayempenda nazi akune.

Mjomba wangu aliposikia ninachofanya alisema huo wizi, unachukua watu wa mwenzio. Nikamuuliza mjomba, takhmisi ni nini? Yeye ni mtu wa mashairi anajua. Unachukua beti za mwenzio zenye mistari miwili unamwekea mitatu yako juu zinakuwa mitano, na jina la mwenyewe unalitaja kwa heshima. Sayyid Abdallah bin Nasir alizifanyia hivyo tungo za Liyongo na leo tunamhesabu katika washairi wakubwa. Wazungu wanahesabu fanfiki yao kuanzia majarida ya mashabiki wa Star Trek miaka ya 1960, sawa, ila kwetu kuongezea kwenye kazi ya uliyempenda ni jambo la zamani sana. Mjomba akanyamaza. Baadaye aliniomba nimchapie ile chapta ya Abushiri kwa herufi kubwa.

Lakini masharti ni mawili, unamtaja mwenyewe na huuzi. AO3 hawaruhusu hata kuweka linki ya kuchangiwa hela kwenye hadithi. Na hapa nifike kwenye kidonda changu.

Hadithi ile nilikuwa naitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, naiweka AO3 (lugha ya Kiswahili ipo kwenye orodha yao ila hadithi zake chache mno, hebu tuzijaze) na natuma kwenye grupu moja la WhatsApp la wapenda hadithi. Siku moja mteja kaja kutoa kopi, ananiambia dada kuna simulizi nzuri sana ya Pangani naifuatilia Facebook. Akanionyesha. Ni yangu. Neno kwa neno, mpaka jina la punda. Juu wameandika mtunzi mwingine, chini namba ya simu, "sehemu ya 15 mpaka mwisho tuma 1,000 upate inbox." Nilitetemeka. Nikamwandikia yule mwenye peji kwa adabu, nikamtumia skrini shoti zenye tarehe, akanibloku. Wasomaji wake nilipokomenti kueleza wakanitukana, eti namuonea wivu mtunzi. Mtunzi!

Mpaka leo nikiandika nakumbuka. Iliniuma mara mbili, kwanza jasho langu, pili kile kitu ambacho mimi mwenyewe siruhusiwi kukiuza na nimekubali kutokukiuza kwa heshima ya walionitangulia, mtu anakaa anakiuza buku. Watu wa AO3 wangeweza kunisaidia kama ingekuwa imeibiwa ndani kwao, huko nje nilibaki na kitufe cha kuripoti. Nikaripoti, na wenzangu wa Ufilipino na Indonesia ambao hata Kiswahili hawajui wakaripoti nami, usiku kucha, mpaka zile posti zikashushwa. Umeona? Wale watu niliowakomenti hadithi zao ndio walionisimamia. Waliokuwa wanasoma bure kwenye grupu bila hata kuweka dole, hakuna aliyejitokeza.

Kwa hiyo komenti ndugu zangu. Sisi Waswahili tunasalimiana dakika tano barabarani, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, halafu tukiingia mtandaoni tunasoma hadithi ya mtu ya maneno elfu themanini tunaondoka kimya? Hiyo tabia tumeitoa wapi? Mwandishi hapati hela, hapati cheti, anachopata ni wewe kumwambia nimesoma. Ukishindwa maneno bonyeza kudosi. Ukiweza maneno andika maneno. Na usimuulize mtu "itaendelea lini" kabla hujamwambia asante kwa iliyopo.

Lingine ni maonyo. AO3 kuna sehemu ya kuonya kama kuna ukatili ulioelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji na ngono inayohusu walio chini ya umri, na kuna daraja la umri. Jazeni. Naona Watanzania mnachagua kutoonya mkidhani onyo linaharibu utamu. Mimi kwenye ile chapta ya kunyongwa niliweka onyo, na msomaji mmoja akaniandikia kwamba alikuwa amemzika kaka yake wiki ile, alipoona onyo akaiacha, akarudi baada ya miezi akiwa na nguvu ya kuisoma. Tangu hapo sibishani na mtu kuhusu maonyo, weka.

Na kazi zako hifadhi kwako. Rasimu ukiiacha AO3 bila kuiposti inafutwa baada ya kama mwezi, na Julai 2023 mtandao wenyewe ulishambuliwa ukazimika zaidi ya siku nzima, watu walikuwa wanalia. Andika kwenye simu, jitumie imeili, weka na flashi. Simu zinaibiwa kila siku pale Ngamiani sokoni.

Sasa mkishazoea kusoma na kukomenti, ingieni kwenye kubadilishana zawadi za hadithi, ndo njia ya haraka ya kujulikana kuliko kusambaza linki miaka kumi. Kubwa naloshiriki ni Yuletide, lipo tangu 2003, ni la hadithi za vitu vyenye mashabiki wachache. Unaandika unachotaka kuandikiwa na unachoweza kuandika, unapangiwa mtu usiyemjua, unamwandikia kwa siri maneno yasiyopungua 1,000, hadithi zinafunguliwa Desemba 25 na majina ya waandishi yanatoka Januari 1. Zile siku za katikati watu wanasoma kila kitu na kubahatisha nani kaandika nini, na ukiandika vizuri asubuhi ya mwaka mpya unaamka na watu wapya. Usajili huwa karibu na mwezi wa kumi. Someni mara tatu barua ya mtu mliyepangiwa, ile anayoeleza anachopenda na asichotaka, mwandikieni anachopenda yeye, kama kasema hataki vifo usimletee kifo kwa sababu wewe unaona kinapendeza. Na kama una mtihani wa form four Novemba au nyumbani kuna harusi, usijiandikishe mwaka huo. Ukishajiandikisha ukaona huwezi, jitoe mapema kabla ya tarehe ya mwisho, kitufe kipo, wanao watu wa akiba wanaochukua nafasi, ila ukikaa kimya mpaka tarehe inapita mwenzio anaweza kufungua siku ile akute hana kitu, na mwaka unaofuata waandaaji wanalikumbuka jina lako.